Aya imehamia kulia, nukta imekaa kushoto: kitufe gani hiki?

#1 KaraniWaTibirinzi

Assalaam aleikum wanabaraza.

Nina kiduka cha kuchapia hapa Chake, mashine mbili na printa moja. Tangu Jumatatu nashughulika na hati ya wakfu, kurasa kumi na nne, Kiswahili kitupu isipokuwa aya mbili za Qur'ani mwanzoni. Leo asubuhi binti anayenisaidia kaniita: "Bi Mkubwa, maandishi yamegeuka." Nikaenda kutazama. Kuanzia ukurasa wa tatu maandishi yamejipanga upande wa kulia, na nukta ya mwisho wa sentensi imeruka ikakaa upande wa kushoto, kabla ya neno la kwanza la mstari. Namba za vifungu nazo zimehamia kulia. Maneno yenyewe yanasomeka kama kawaida.

Nimebonyeza Ctrl+L, aya ikarudi kushoto, lakini nukta imebaki kule kule. Nimebonyeza Ctrl+Z mpaka kidole kimechoka, nikapoteza na kazi ya nusu saa.

Mwenye hati anakuja Alkhamisi baada ya adhuhuri. Ni mali ya watu waliokwisha tangulia mbele ya haki, sitaki itoke na kasoro hata moja. Kitufe gani kimefanya hivi, na kipi kinarudisha?

#2 MwanaMichenzani

Virusi hivyo, dada. Fleshi za wateja. Mashine yangu iliwahi kugeuza mafolda yote yakawa njia za mkato, chanzo fleshi moja tu ya mtoto wa skuli. Pitisha antivirusi kwanza, kuchapa baadae.

#3 FundiBodi

Si virusi. Virusi vinataka kula mafaili, havina haja na nukta yako.

Mie natengeneza kibodi Darajani mwaka wa kumi na moja huu. Hewa yetu ina chumvi, na kitufe cha Ctrl cha kushoto ndicho kinachokufa mwanzo kwa sababu ndicho kinachobanwa kuliko vyote. Kinanata chini, mtu hajui. Anaandika "r" ya "rehema", mashine inasikia Ctrl+R, aya inakwenda kulia. Anaandika "e", inakwenda katikati. Fungua karatasi tupu, andika jina lako taratibu. Herufi zikikosekana au maneno yakikoza yenyewe, yaani yakawa herufi nzito, kibodi ndiyo mgonjwa. Ichomoe, igeuze, ipigepige mgongoni, utaona kitakachodondoka.

#4 JuzuuAmma

Wa aleikum salaam Bi Karani.

Una kibodi ya Kiarabu kwenye hiyo mashine? Kama unayo, jawabu ni hili: Ctrl pamoja na Shift ya KULIA hugeuza aya ianze kulia, kama tunavyoandika Kiarabu. Ctrl pamoja na Shift ya KUSHOTO huirudisha. Haihitaji herufi yoyote, ni vitufe viwili hivyo tu, unavibana na kuviachia.

Ndiyo maana Ctrl+L haikukusaidia. Ctrl+L husogeza aya kwenye ukingo. Haigusi mwelekeo wa aya. Aya ikishahesabiwa ni ya kulia kwenda kushoto, mwisho wa sentensi yake uko kushoto, basi nukta inakwenda huko huko. Word inaichukulia kama aya ya Kiarabu ambayo ndani yake mna maneno ya Kiswahili.

Weka kishale ndani ya aya moja, bana Ctrl na Shift ya kushoto, utuambie.

#5 KaraniWaTibirinzi

Allah akulipe kheri JuzuuAmma! Imerudi! Nukta imeruka kama panzi ikakaa mahala pake. Nimezipaka bluu aya zote za ukurasa wa tatu mpaka wa kumi na nne, nikabana mara moja, zote zimerudi pamoja na namba zake.

FundiBodi, kibodi nimeipiga mgongoni pia. Imetoka pini mbili na punje ya mchele.

Lakini bado nina suala. Mashine ya pili HAINA Kiarabu kabisa, nimeangalia pale chini karibu na saa, hamna alama ya lugha. Nayo ina hati mbili zilizogeuka vivyo hivyo. Hiyo nayo ni Shift gani?

#6 MwaniPaje

Bi Karani, ulizitazama nukta za hizo hati mbili? Watu wanachanganya mambo mawili hapa.

E na R zimekaa jirani kwenye kibodi. Kichwa cha habari unataka kukiweka katikati kwa Ctrl+E, kidole kinateleza unapata Ctrl+R. Hapo maandishi yanakwenda kulia ila nukta inabaki mwisho wa sentensi, upande wa kulia. Nukta ikiwa kulia, ni mpangilio tu, Ctrl+L au Ctrl+J (ya kunyoosha kingo zote mbili) inatosha. Nukta ikiwa kushoto, ni mwelekeo, na huo ndio alioueleza JuzuuAmma.

#7 KaraniWaTibirinzi

Nimekwenda kutazama. Moja nukta iko kulia. Ya pili iko kushoto. Sasa nimechanganyikiwa zaidi.

#8 MwaniPaje

Basi una maradhi mawili kwenye mashine moja. La kwanza lishapata dawa.

#9 KonaYaWete

Hati ya pili nadhani ilibandikwa kutoka kwengine. Mtu kachukua aya ya Kiarabu kwenye simu au kwenye faili la mtu mwengine, kaibandika, halafu kabonyeza Enter akaendelea na Kiswahili chake. Kwenye Word, aya mpya huzaliwa na tabia za aya iliyo juu yake. Ukibonyeza Enter mwisho wa aya iliyoelekea kulia, inayofuata nayo inaelekea kulia. Kibodi ya Kiarabu haihitajiki kwenye mashine yako.

Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone zile alama za mwisho wa aya. Tabia zote za aya zimefungwa kwenye alama ile. Ukiinakili aya pamoja na alama yake, umebeba kila kitu. Ukiiacha alama nje, umebeba maneno tu.

#10 MwanaMichenzani

Au afanye rahisi tu: Ctrl+A, halafu Ctrl+spesi. Inafuta mapambo yote, hati inakuwa safi kama imezaliwa leo.

#11 JuzuuAmma

Hapana, hapana, asifanye hivyo! Ctrl+spesi inafuta mapambo ya HERUFI: koza, mlazo (herufi zilizoinama), mstari wa chini, rangi, ukubwa. Mwelekeo si jambo la herufi, ni jambo la AYA, na la aya linafutwa na Ctrl+Q. Akifanya ulivyosema kwenye hati ya wakfu, majina yote ya mashamba na mipaka aliyoyakoza yatarudi kuwa maandishi ya kawaida, na nukta itabaki kushoto vile vile.

#12 MwanaMichenzani

Nimekubali, nilichanganya. Ctrl+Q nilikuwa naijua ya kufungia programu.

#13 KonaYaWete

Kwenye programu nyengine ndiyo. Kwenye Word ni ya aya. LibreOffice ukibonyeza Ctrl+Q unafunga programu nzima, kwa hivyo tazama uko wapi kabla hujabonyeza.

#14 Mtahiniwa_Tunguu

Hilo la programu mbili ndilo lililoniliza mie. Tasnifu yangu nilianza kwenye Word, nafasi ya mstari mmoja na nusu, Ctrl+5, vitamu kabisa. Laptopu ikafa, rafiki akaniazima ya kwake ina LibreOffice. Nikaja kwenye dondoo ndefu, msimamizi anazitaka nafasi moja. Nikabonyeza Ctrl+1 kama nilivyozoea. Kule Ctrl+1 si nafasi, ni kichwa cha habari cha ngazi ya kwanza. Dondoo ikavimba ikawa kubwa. Nikaipunguza kwa mkono: ukubwa, koza, rangi. Dondoo ya pili hivyo hivyo. Dondoo thelathini na kitu!

Nilipotengeneza orodha ya yaliyomo, kila dondoo imo kwenye orodha kama sura. Yaliyomo kurasa tisa. Nimeyaona saa sita za usiku, asubuhi ndiyo siku ya kukabidhi. Mama aliamka akanikuta nalia akadhani nimefiwa.

#15 MwaniPaje

Pole mwanangu. Na kwenye Google Docs kuweka katikati ni Ctrl+Shift+E, si Ctrl+E. Kila nyumba na mlango wake.

#16 MzeeWaFaili

Nimeufuata uzi huu tangu asubuhi, na mimi niseme kidogo. Nimefanya kazi ya ukarani zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu.

Tulianza na mashine za taipu. Kukoza neno ulirudi nyuma ukalipiga tena juu yake, mara mbili, mara tatu, kwa mkono uleule ili wino usipishane. Mstari wa chini vivyo hivyo, unarudi nyuma unapiga kistari chini ya kila herufi. Mlazo haukuwepo. Ndiyo sababu watu wa umri wangu tunapigia mstari jina la kitabu: mstari ulikuwa ishara kwa mpangaji wa matbaa kwamba hapa aweke herufi za mlazo.

Kuweka kichwa katikati, hebu wasikie vijana. Unapeleka gari, kile kipande cha mashine kinachobeba karatasi, mpaka katikati. Unaanza kulisoma lile jina kimya kimya, herufi mbili mbili, na kwa kila mbili unagonga kitufe cha kurudi nyuma mara moja. Nafasi baina ya maneno nayo inahesabiwa kama herufi. Ukimaliza kusoma, gari limesimama pale pale panapotakiwa, unaanza kupiga. "HATI YA WAKFU" ni herufi na nafasi kumi na tatu: unarudi mara sita.

Zilipokuja kompyuta tukapewa WordPerfect, programu ya kuandikia. Kukoza F6, mstari F8, katikati Shift+F6. Juu ya kibodi tuliweka karatasi ngumu yenye majina ya vitufe. Na ilikuwepo Alt+F3, inakufunulia chini ya kioo alama zote zilizojificha. Bi Karani angekuwa nayo leo angeliona tatizo lake kwa macho.

#17 JuzuuAmma

Mzee wangu, shukrani kubwa. Word ina jamaa yake: Shift+F1 inafungua pembeni orodha ya mapambo ya mahala ulipo, pamoja na mwelekeo wa aya. Haionyeshi kama ile ya zamani, ila inasaidia.

#18 BintiMkwajuni

Mie naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Kwa nini katikati ni E? B, I na U nafahamu, ni herufi za mwanzo za majina yake kwa Kiingereza. L na R vile vile. E imetoka wapi?

#19 KonaYaWete

C ilishachukuliwa na kunakili. Wakatafuta herufi inayofuata ndani ya neno lenyewe la Kiingereza, "center": c, e. Basi.

#20 FundiBodi

Sikubali. Mie nasema ni mahala pake kwenye kibodi. E na R zipo chini ya vidole vya mkono wa kushoto, unabana Ctrl kwa kidole cha mwisho na E kwa cha kati bila kuuondoa mkono. Kama ni herufi ya pili ya neno, mbona mlazo, "italic", haukuwa T?

#21 KonaYaWete

Kwa sababu I haikuwa na mwenyewe! C ilikuwa na mwenyewe. Na L na J mbona ziko mkono wa kulia?

#22 MzeeWaFaili

WordStar, iliyokuwepo kabla ya WordPerfect kushika soko, ilitumia C kwa katikati, ila kwa hatua mbili: Ctrl+O kisha C. Kukoza ilikuwa Ctrl+P kisha B. Kwa hivyo C ilitumika. Ilipotakiwa hatua moja ndipo herufi zikawa hazitoshi.

#23 MwaniPaje

Mie nilifundishwa kwamba ni E kwa sababu Waingereza na Wamarekani wanaliandika neno hilo tofauti mwishoni, na E ya mwanzo ndiyo haibadiliki. Sijui kama ndiyo sababu, ila mwalimu wangu aliisema kwa yakini kabisa.

#24 FundiBodi

C nayo haibadiliki. Wala N.

#25 KiwengwaPwani

Nyie mnadhani herufi hizo ni za dunia nzima? Nilifanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Wataliano huku kwetu. Kompyuta ya ofisini ina Word ya Kitaliano. Kukoza ni Ctrl+G, kwa sababu kwao koza ni "grassetto". Sawa, hilo nilizoea siku mbili. Lakini mstari wa chini kwao ni "sottolineato", basi Ctrl+S ni kupiga mstari!

Mie nina tabia ya kubonyeza Ctrl+S kila baada ya sentensi mbili. Nikawa nashangaa maneno yananiwekea mistari, nikibonyeza tena mistari inaondoka. Nikaona sawa, mchezo wa mashine. Nimeandika orodha ya wageni na vyumba vyao, meza ya kurasa nne, sikuhifadhi hata mara moja, na naapa nilijua nimehifadhi. Umeme ukakatika.

Tangu siku hiyo nahifadhi kwa Shift+F12. Hiyo inafanya kazi lugha yoyote.

#26 MzeeWaFaili

Umenikumbusha giza la 2009. Umeme wa Unguja ulipotea Disemba ukarudi Machi 2010. Ofisi ilikuwa na jenereta ya kugombaniwa, muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa moja mchana. Makarani wote walikuwa mkono wa kushoto umelala kwenye Ctrl na S. Mpaka leo nikiandika ujumbe kwenye simu kidole kinaitafuta.

#27 BintiMkwajuni

Kwa hivyo Wataliano wana zao, na Wahispania bila shaka wana zao. Sisi tungeweka zipi? K ya koza, M ya mlazo, P ya kupigia mstari?

#28 KonaYaWete

Wahispania Ctrl+N ndiyo koza yao, ndiyo kweli. P ni ya kuprinti lakini. Na K kwenye Word ni ya kiungo cha intaneti.

#29 MwaniPaje

Mie "koza" naipenda. Wengine wanasema "herufi nzito", lakini ukimwambia mtoto "koza neno hili" anaelewa mara moja, kama kukoza rangi ya hina. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi waliyoitoa 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitupa menyu nzima kwa Kiswahili, vitufe vikabaki vilevile.

#30 FundiBodi

Na vibaki. Mtu akizoea za Kiswahili hapa, akenda kufanya kazi Dar au Muscat aanze upya? Ndiyo yaliyomkuta KiwengwaPwani.

#31 BintiMkwajuni

Wataliano wameweza, hawakufa.

#32 KiwengwaPwani

Orodha yangu ilikufa.

#33 KaraniWaTibirinzi

Jamani nimerudi. Nimesoma yote, na ile ya Mzee ya kuhesabu herufi mbili mbili nimemsomea binti kwa sauti, kanyamaza kimya.

Khabari za mashine ya pili. Ile hati yenye nukta kushoto nimebonyeza Ctrl+Q kama alivyosema JuzuuAmma. Haikurudi. Ctrl na Shift ya kushoto, haikurudi. Na jengine: nimefungua karatasi TUPU kwenye mashine hiyo, kishale kinapepesa upande wa kulia. Sijabandika chochote, KonaYaWete.

Wakati nasubiri naomba na hili: mwandishi wa hati anataka ile alama ya kumsalia Mtume baada ya kila jina lake. Binti anainakili kutoka intaneti kila mara.

#34 JuzuuAmma

La alama jepesi. Andika FDFA pale unapoitaka, halafu Alt+X. Inageuka ﷺ hapo hapo, ndani ya Word. Ukiwa na jina kila ukurasa, ni herufi nne tu na kitufe.

La mashine: karatasi tupu ikianza kulia, basi si aya moja iliyogeuka, ni kigezo. Word ina faili linaloitwa Normal.dotm, kila karatasi mpya inazaliwa humo. Mtu kageuza mtindo wa kawaida, akakubali iwe kwa hati zote. Ctrl+Q inairudisha aya kwenye mtindo wake, na mtindo wenyewe ndio umegeuka, basi inarudi pale pale. Funga Word, litafute faili hilo, libadilishe jina, fungua tena. Word itajitengenezea jipya.

#35 FundiBodi

Kabla hajafuta faili za watu, achomoe kibodi ya mashine ya pili aweke ya kwanza. Dakika moja.

#36 KonaYaWete

Kibodi mbovu haiwezi kuhamisha nukta kushoto kwenye mashine isiyo na Kiarabu, FundiBodi. Ctrl na Shift ya kulia haina kazi pale.

#37 FundiBodi

Na nani kasema haina Kiarabu? Kasema hamna alama karibu na saa. Alama hiyo inaweza kufichwa, na Word ina orodha yake ya lugha za kuandikia, mbali na ya Windows.

#38 JuzuuAmma

Hapo FundiBodi yuko sawa. Sikulifikiria.

#39 Mtahiniwa_Tunguu

Mie nauliza tu: kama angetumia mitindo tangu mwanzo, mtindo wa Kiarabu wake na wa Kiswahili wake, haya yote si yasingetokea? Baada ya yaliyonikuta sikozi tena kichwa cha habari kwa mkono. Ctrl+Alt+1 kwenye Word, na yaliyomo yanajitengeneza yenyewe.

#40 MwaniPaje

Kwa tasnifu nakubali. Kwa kiduka cha kuchapia, mteja amesimama, mtoto analia mgongoni, barua ya sheha inatakiwa sasa hivi. Hapo ni Ctrl+B na twende. Na nyie wa Word mpya angalieni: zamani Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V zilikuwa za kunakili pambo peke yake. Kwenye matoleo mapya Ctrl+Shift+V inabandika maneno bila mapambo, na ya mapambo imehamia Ctrl+Alt+C na Ctrl+Alt+V. Mie mkono haujakubali bado.

#41 KonaYaWete

Hiyo ya kubandika bila mapambo ndiyo dawa ya hati zinazotoka kwenye simu. Bi Karani amfundishe binti hiyo kabla ya kitu chengine chochote.

#42 NiDukaniTibirinzi

Assalaam aleikum. Mie ndie binti mwenyewe, Bi Mkubwa kanipa simu nijibu.

Skuli tuliposomea kompyuta tulikuwa tunabadilisha lugha kwa Ctrl na Shift. Hapa dukani ni Alt na Shift, lakini mkono wangu unakwenda kule kwa mwanzo. Kwa hivyo mashine ya kwanza ni mie, naomba radhi. Mashine ya pili siigusi, anaitumia kaka anaekuja jioni.

#43 JuzuuAmma

Mwanangu, huna la kuombea radhi. Umetupa nusu ya jawabu. Huyo kaka wa jioni anaandika nini?

#44 NiDukaniTibirinzi

Mitihani ya madrasa. Lakini anasema anaandika kwenye simu, hapa anakuja kuprinti tu.

#45 FundiBodi

Kibodi, kibodi. Nileteeni kwa boti ya asubuhi.

#46 KaraniWaTibirinzi

Hati ya wakfu nimeiprinti kwa mashine ya kwanza, kurasa kumi na nne, nukta zote mahala pake, nimezipitia moja moja kwa kidole. Kaka anaingia saa kumi na moja. Nitasimama nyuma yake nitazame mikono yake, halafu nitarudi.